Bi Nusu na Sura ya Kumi na Saba

Jina la Bi Nusu alipewa na wasichana wa darasa la kuchora, miaka kumi na mmoja kabla ya vita, wala hawakulitoa kwa heshima. Alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kuchora jani, ua au mdudu, aliikunja karatasi katikati, akaikunjua, kisha akachora upande mmoja tu wa ule mkunjo hadi ukamilike. Upande wa pili aliufuatisha baadaye, jicho lake likiwa kwenye ule wa kwanza. "Chora nusu kwa uaminifu," aliwaambia, "nusu ya pili itakuja yenyewe, kama mkia unavyomfuata ng'ombe." Wasichana wakaangua kicheko, na kabla ya kengele ya mapumziko mwalimu wao alikuwa keshabatizwa. Jina likamfuata sokoni, likamfuata hadi nyumbani, ambako dada yake mkubwa, mwenye ulimi wa pilipili, alilidaka kama mpira.

"Bi Nusu, leo nikupakulie nusu sahani? Nusu ya pili si itakuja yenyewe?"

Desturi hiyo aliiokota kazini. Baba yao alikuwa mchora mabango ya maduka, na ndiye aliyemfundisha kushika brashi kabla hajajua kushika kijiko sawasawa. Lakini kazi iliyomtia mkono nidhamu ilikuwa ya kuchora mimea kwa ajili ya vitabu vya shule, aliyoifanya jioni baada ya vipindi. Majani hayakuletwa mezani pake yakiwa mazima. Moja limetobolewa na kiwavi, jingine limenyauka ncha, jingine limekanyagwa njiani. Mchoraji wa kitabu hakuruhusiwa kuchora tundu la kiwavi, kwa kuwa mwanafunzi alitakiwa alione jani kama lilivyokusudiwa kuwa. Basi alitafuta upande uliosalimika, akaunakili kwenye upande wa pili. Kwa miaka tisa aliyatibu kwa penseli yote yaliyoliwa na wadudu, na hakuna jani hata moja lililowahi kurudi kulalamika.

Vita vilipoanza, Ofisi ya Kumbukumbu ilitangaza kwamba inatafuta wachoraji wa kwenda mstari wa mbele. Wapiga picha walikuwa wachache, na filamu haikupatikana tena kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa. Bi Nusu akapeleka maombi. Jibu lilikuwa la mistari miwili: kazi hiyo ni ya wanaume. Akapeleka tena. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe, akamkuta mkuu wa ofisi, mzee mnene aliyeitwa na wote Bwana Muhuri, kwa maana hapana karatasi iliyotoka mle bila kugongwa na mkono wake.

"Mama," alimwambia kwa upole, "huko vitani hakuna hata choo cha wanawake."

"Kipo cha wanaume?"

"Kipo."

"Basi kina mlango. Nitaufunga."

Karani aliyekuwa pembeni alijikohoza ili asicheke. Bwana Muhuri hakucheka, lakini mwezi uliofuata wachoraji wake wawili waliugua na wa tatu akatoroka, naye akalazimika kugonga muhuri. Ndivyo Bi Nusu alivyokuwa mwanamke wa kwanza kutumwa na ofisi ile kuvichora vita.

Walitaka awachore makamanda wakiwa juu ya magari. Aliwachora, kwa kuwa aliamriwa. Lakini daftari lake lilijaa mambo mengine: viatu arobaini vilivyoanikwa juu ya ukuta uliobomoka, wanawake wakibeba maji kuelekea mahandaki, mpishi wa jeshi aliyelala huku mwiko ungali mkononi. Penseli zilipokwisha alichora kwa makaa ya jikoni. Ili makaa yasifutike, aliyanyunyizia maziwa yaliyoenguliwa mafuta na kuongezwa maji, na maziwa hayo yalikuwa mgao wake wa chai, hivyo chai aliinywa ya rangi. Bwana Muhuri alizipokea picha hizo, akazitazama kwa muda mrefu, akazifungia kwenye droo. "Nzuri," alisema. "Lakini watu watauliza ushindi uko wapi."

Kazi iliyomjengea sifa ilitoka hospitali. Kila siku waliletwa askari wasio na vitambulisho, wasioweza kusema, na wengi walikufa bila kutajwa jina. Daktari mmoja akamwomba awachore. Picha zikabandikwa kwenye ukuta mrefu wa varanda ya Ofisi ya Kumbukumbu, kila moja na namba yake, na kila Jumanne na Ijumaa ndugu waliruhusiwa kuja kutazama. Katika miezi miwili, sura kumi na moja zilitambuliwa. Magazeti yakaandika. Hata dada yake alilikata gazeti akalibandika juu ya meko, akisema kwamba sasa angalau nusu ya ukoo imefaa kitu.

Namba kumi na saba alikuwa kijana aliyeletwa na gari la mizigo, hana fahamu. Upande wote wa kushoto wa kichwa chake ulifungwa bendeji kuanzia utosini hadi kidevuni. Bi Nusu aliikunja karatasi katikati, akaikunjua. Akauchora upande wa kulia: jicho, shavu, nusu ya mdomo, sikio dogo lililolala karibu na fuvu. Kisha, kwa mkono uleule ulioyatibu majani kwa miaka tisa, akauleta upande wa kushoto. Picha ilipokamilika, kijana alikuwa mzima, kama aliyesinzia. Muuguzi aliyekuwa zamu alisema ni kama umempa pumzi. Siku ya tatu kijana akafa.

Wiki tatu baadaye mama mmoja muuza sufuria alisimama mbele ya namba kumi na saba akapiga yowe. "Mwanangu! Huyu ni mwanangu!" Wakamkabidhi jeneza lililokwisha kupigiliwa misumari, kwa maana kanuni ya hospitali haikuruhusu kufunguliwa. Akaenda kuzika kwao. Kabla ya kuondoka aliushika mkono wa Bi Nusu, akaubusu kiganjani, palepale penye makaa.

Picha ikatolewa ukutani, na mama huyo akapewa aende nayo.

Alikuwepo mama mwingine, mshonaji wa nguo, aliyekuja kila Jumanne bila kukosa tangu picha za kwanza zilipobandikwa, futi yake ya kitambaa ikining'inia shingoni kana kwamba ameiacha cherehani dakika ile. Hakuwa msumbufu. Alipita picha moja baada ya nyingine, kisha akamwendea karani wa mlangoni na kusema maneno yaleyale.

"Wangu hana sikio la kushoto. Aliungua na maji ya moto akiwa na miaka minne. Limebaki kipande kama kokwa."

"Mama, hapa hakuna mtu asiye na sikio," karani alimjibu. "Unaona mwenyewe, wote wana masikio mawili. Subiri, labda yu mzima."

"Mimi ndiye niliyekiinua kile chungu cha maji," aliongeza kila mara, ingawa hakuna aliyemuuliza, kisha akaenda zake.

Bi Nusu alimwona na kumsikia mara nyingi, akamhurumia, wala hakufikiri zaidi ya hapo.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa tano tangu kuzikwa kwa namba kumi na saba, alipokuwa amekaa na yule muuguzi kwenye benchi la wodi wakikunja bendeji zilizofuliwa. Kazi hiyo ilimpumzisha. Muuguzi alikuwa msemaji, na siku hiyo alikuwa akiwakumbuka wagonjwa waliompita mikononi.

"Yule wako wa kumi na saba naye, masikini," alisema. "Nilipomwosha nilisikitika sana. Mtu ameumbuliwa kabla hata vita havijamgusa."

"Ameumbuliwa vipi?"

"Si lile sikio? La kushoto. Halikuwepo."

"Si lilikatwa na kombora?"

"Kombora gani, dada yangu! Lile ni kovu la zamani, limelainika kama ngozi ya ngoma. Maji ya moto yale. Nimeyaona mengi."

Bendeji ilimponyoka Bi Nusu, ikajifungua yenyewe sakafuni hadi kwenye miguu ya kitanda cha mbali. Hakuinama kuiokota. Alijiona tena akikaa kando ya kile kitanda, akiutazama mkunjo wa karatasi, na mkono wake ukitia kwa ustadi sikio ambalo Mungu alikwisha kuliondoa. Mshonaji alikuwa amepita mbele ya mwanawe Jumanne baada ya Jumanne, akalitafuta sikio lisilokuwepo, na yeye Bi Nusu ndiye aliyeliweka.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Muhuri, akamweleza yote bila kupunguza. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nusu ngapi ulizibuni?" aliuliza hatimaye.

"Kati ya zile kumi na moja zilizotambuliwa, nne zilikuwa na bendeji."

"Nne!"

"Naam."

Bwana Muhuri alinyanyuka akafunga mlango. "Sikiliza, mwalimu. Nakuheshimu, na sikutarajia kusema hivyo. Ukilitoa jambo hili nje, si familia nne zitakazorudi. Ni zote kumi na moja. Kila mama atauliza, nimemzika nani? Utakwenda kufukua makaburi kumi na moja kwa ajili ya sikio moja."

"Na yule mshonaji?"

"Huyo bado ana matumaini. Mwachie."

"Matumaini ya mtu aliyekwisha kuzikwa, mzee? Kwa jina la mtoto wa mwingine?"

"Kuna jingine." Akasema hili kwa sauti ya chini, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Kuna wasichana watatu wameleta maombi ya kazi yako hii. Wamekuona wewe, wakathubutu. Wakubwa wakisikia kwamba mwanamke wa kwanza alitia masikio vichwani mwa watu, hao watatu hawatapita mlango huu, wala binti zao. Unajua watakavyosema."

Alijua. Aliweza hata kuyasikia maneno na kicheko kitakachoyafuata. Alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyevishwa nguo zilizolowa maji. Dada yake alimtazama mara moja tu, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa.

"Nani kafa?"

"Alikufa zamani. Mimi ndiye niliyemficha."

Dada akasikiliza hadithi yote akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni begani. Mwisho akasema, "Funga mdomo, mdogo wangu. Nakuomba. Umepata jina kwa jasho. Watakurarua."

"Na wewe ungekuwa yule mshonaji?"

"Mimi si yeye!" dada akafoka, kisha akakaa chini ghafla, akajifunika uso kwa kile kitambaa cha begani. "Usiniulize maswali ya hivyo. Mtu mwenyewe sina mtoto."

Bi Nusu alifika ofisini Jumanne kabla ya wengine wote. Safari hii hakuikunja karatasi. Alichora kwa kumbukumbu upande wa kulia wa kijana: jicho, shavu, nusu ya mdomo, sikio dogo lililolala karibu na fuvu. Upande wa kushoto alichora bendeji, uzi kwa uzi, na ndani ya bendeji hakutia kitu. Mkono ulimwasha kutaka kuendelea. Aliuweka chini ya paja lake, akaukalia, hadi ukatulia. Kisha chini ya picha akaandika: *Namba 17. Upande huu haukuonekana. Sikio la kushoto halikuwepo, kovu la zamani la kuungua. Picha ya kwanza ilikosewa na mchoraji.* Akaibandika ukutani bila muhuri.

Mshonaji alikuja saa nne. Alianza mwanzo kabisa wa ukuta kama kawaida yake, akapita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bi Nusu alisimama mwisho wa varanda, mgongo umegusana na nguzo, akitamani mama yule apite, na akitamani asipite. Mshonaji alipofika alisimama. Hakupiga yowe. Aliisoma ile karatasi kwa kidole, neno kwa neno, kisha akakiinua kidole na kukipitisha juu ya shavu la kijana.

"Ndiye," alisema. "Jamani. Ndiye huyu."

Karani akaja mbio. "Una hakika, mama? Nusu nzima haionekani."

"Nusu hii inanitosha." Aligeuka, macho makavu kabisa. "Lakini alikuwepo hapa. Uso huu ulikuwepo hapa, mimi nilipita. Nilipita mara ngapi? Huyu alikuwa na masikio, nikampita!"

Bi Nusu akasogea. "Mama, mimi ndiye niliyemchora. Kosa ni langu. Sikio sikuliona, nikalibuni."

Mshonaji alimtazama kana kwamba anapima kitambaa. "Si lako peke yako," alisema polepole. "Tangu alipoungua, kila nilipomtazama nililiona lile sikio kwanza. Uso niliuona baadaye. Miaka ishirini na mbili. Ningemtazama mwanangu usoni kama mama wengine, ningemjua hata mngemtia masikio sita." Akaketi sakafuni, ile futi ikijikunja mapajani. "Yuko wapi sasa?"

"Amezikwa na mama mwingine, aliyedhani ni wake. Nitakupeleka kaburini. Lakini nipe siku moja. Yeye bado hajajua."

"Nenda kamwambie," mshonaji akasema. "Mimi nimezoea kungoja."

Kabla ya adhuhuri Bwana Muhuri alikuwa amezitaka penseli zote za ofisi pamoja na kibali cha hospitali. Hakumkaripia. Aliandika barua fupi ya kumwachisha kazi, akaigonga muhuri, ukakaa upande. "Na zile picha zangu za kwenye droo?" Bi Nusu aliuliza. "Ni mali ya ofisi," mzee akajibu bila kumtazama. Varandani watu walikwisha kuanza kukusanyika. Mzee mmoja aliyemzika namba tisa kama mwanawe, na aliyekuwa amekwisha kupanda maua juu ya kaburi, alimshika Bi Nusu mkono wa gauni na kumuuliza, "Na wangu? Wangu ulimwona wote?" Namba tisa alikuwa na bendeji juu ya jicho. "Si wote, baba," akamjibu. Mzee akauachia mkono wake kama aliyeshika moto.

Muuza sufuria aliishi pembeni mwa mji, katika chumba kimoja chenye uwa mdogo wa saruji. Bi Nusu alimkuta ameinama juu ya beseni, akifua. Alipomwona tu, uso ulimwangaza.

"Karibu, mwanangu! Karibu, mkono ulionirudishia mtoto!" Akajipangusa povu, akaleta kigoda. "Tazama, nimemtundika mahali pazuri." Mlangoni, ng'ambo ya pazia lililofungwa kando, picha ya namba kumi na saba ilionekana ukutani ndani ya fremu ya mbao, masikio mawili, imesinzia.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikae nguo zitajifua?"

"Kaa, mama. Tafadhali."

Akakaa. Bi Nusu alimweleza kwa mpangilio, kama alivyokuwa akifundisha somo gumu: bendeji, karatasi, upande uliobuniwa, kovu, mshonaji. Hakulia, kwa sababu aliona kwamba kilio ni cha mfiwa, na yeye hakuwa mfiwa. Alipomaliza, muuza sufuria alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, mama."

"Basi yu hai."

"Sijui."

"Kama aliyekufa si yeye, basi yeye yu hai. Si ndivyo?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyemwona."

"Sema yu hai!" Sauti ilimpasuka. "Wewe ulinipa uso mzima, ukanipa na masikio, leo unashindwa neno moja? Sema tu! Nikupigie magoti?"

Bi Nusu alifungua mdomo. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na lingemtuliza mama huyo kwa jioni hiyo angalau. "Siwezi," alisema. "Nisichokiona sikijazi tena. Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshalia nikamaliza," muuza sufuria alisema, karibu kwa kunong'ona. "Ulinizikia, sasa umefukua. Nianze wapi? Nianze kungoja tena?" Akatazama huku na huku uwani, kana kwamba kuna kitu alichokisahau. "Nguo zake nimezigawa zote. Mashati, viatu, hata lile koti. Akirudi atavaa nini?"

Mama yule alinyanyuka, akaingia chumbani, akashusha pazia, kisha akafunga mlango na komeo. Baada ya muda kidogo ikasikika sauti ya msumari ukichomolewa ukutani.

Bi Nusu alingoja. Aliita hodi mara moja, taratibu, hakujibiwa. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akajirudisha. Jua lilikuwa bado kali, na povu ndani ya beseni lilikuwa limeanza kufa. Mashuka mawili, foronya, gauni la kazini lenye mabaka ya masizi ya sufuria. Akavua saa yake, akaiweka juu ya kigoda, akapiga magoti. Alilisugua lile gauni hadi masizi yakatoka kiasi cha kutoka, akamwaga maji machafu kwenye mfereji, akateka mengine bombani, akasuuza mara mbili. Alikamua kila nguo kwa nguvu zake zote. Shuka la kwanza akalitandaza juu ya kamba na kulinyoosha pembe kwa pembe. La pili nalo. Foronya, kisha gauni, mabega yakitazama chini ili lisijikunje. Kibanio cha mwisho kilikuwa kimelegea, kikateleza mara mbili. Akakibana tena, akakishikilia kidogo kwa vidole hadi kikashika.